Tusidai Vidonge, Tudai Maji



Katika mkutano wa tawi uliopita lilitolewa shauri lililopigiwa makofi mengi. Shauri lenyewe ni hili: kwa kuwa kipindupindu huja na mvua, chama kimwandikie tajiri barua, kumtaka aweke vidonge vya kuzuia ugonjwa huo pale langoni, na kila mfanyi kazi apewe vyake aingiapo kazini. Ndugu aliyelitoa ni mtu mwenye nia njema, na hana mchezo katika kazi ya chama. Lakini shauri lake ni baya. Chama kikilikubali, tutakuwa tumemfanyia tajiri hisani kubwa na tumejidhuru sisi wenyewe. Katibu amenipa nafasi katika kurasa hizi nieleze sababu, na mwenye kupinga na aandike toleo lijalo.

Yafaa kwanza tumjue adui. Kipindupindu huletwa na kijidudu kidogo sana, kilichopinda kama alama ya mkato. Filippo Pacini wa Italia alikiona mwaka 1854, na Robert Koch wa Ujerumani akakithibitisha huko Misri na Calcutta mwaka 1883 na 1884. Huingia kinywani kwa maji au chakula kilichoguswa na choo cha mtu mwenye ugonjwa. Kikifika tumboni hutoa sumu, na sumu hiyo hufanya matumbo yamwage maji kama mfereji uliovunjika. Mgonjwa mahututi aweza kutokwa na lita nzima ya maji kwa saa moja. Asubuhi yuko kazini, jioni amekauka, macho yameingia ndani, sauti imepotea. Wagonjwa mahututi wasipotibiwa, nusu yao waweza kufa. Wakitibiwa vizuri na upesi, hafi hata mmoja katika mia.

Sasa angalieni neno hili, maana ndilo lenye maana kuliko yote nitakayosema. Kinachoua ni kukauka. Basi kinachookoa ni kurudisha maji mwilini, maji yenye chumvi na sukari, na kwa aliyezidiwa, maji ya kutiwa mshipani. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijazana katika kambi ya Bangaon, India, na kipindupindu kikawaingilia. Maji ya mshipani yakakaribia kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa wagonjwa maji ya kunywa yaliyochanganywa na chumvi na sukari, wakinyweshwa na ndugu zao kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika mia vikashuka hata chini ya 4 katika mia. Hapakuwa na mashine wala kidonge cha ajabu. Ndiyo dawa ile ile tunayopewa leo katika pakiti, na asiye na pakiti aweza kuchanganya vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kukatwa sawasawa, katika lita moja ya maji safi. Mke wako na alijue hilo, na watoto wako walijue.

Je, vidonge vya kuua vijidudu havina faida? Vinayo. Mgonjwa aliyezidiwa akipewa dawa ya kufaa, kuhara kwake hupungua na siku za ugonjwa huwa chache, na maji ya kumtibia hayatumiki mengi. Kwa hiyo hospitalini hupewa, mara nyingi kwa kipimo kimoja tu. Lakini dawa hiyo ni msaidizi wa maji, si badala yake. Na kuwapa watu wazima wasio na ugonjwa, kundi zima, ati kwa kuwakinga, ni jambo ambalo Shirika la Afya la Dunia halilikubali. Wako wanachama watakaosema hiyo ni choyo ya wakubwa kuwanyima wadogo dawa. La. Sababu yake imeonekana kwa macho, tena karibu sana na hapa.

Mwishoni mwa mwaka 1977 kipindupindu kiliingia Tanzania kwa mara ya nne. Wakati ule dawa iliyosifiwa ilikuwa tetrasaiklini. Ikatolewa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa wasiougua pia, ili kuwakinga. Profesa Fred Mhalu na wenzake wakawa wanavipima vijidudu kadiri wagonjwa walivyokuja. Katika mwezi wa kwanza, vijidudu vyote walivyovipima vilikufa kwa tetrasaiklini. Baada ya miezi mitano, vijidudu 76 katika kila 100 havikusikia tena dawa ile. Miezi mitano, ndugu zangu! Hata mkataba wa mshahara huchukua muda mrefu kuliko huo kujadiliwa. Dawa iliyogharimu fedha nyingi na kusafirishwa mbali iliharibika katika mikono ya watu waliokuwa na nia njema kabisa, kama ndugu yetu wa mkutanoni.

Inakuwaje? Wengi hudhani kwamba mwili wa mtu ndio unaoizoea dawa. Sivyo. Ni vijidudu vyenyewe. Tumboni mwa mtu vimo kwa mamilioni na mamilioni, na havifanani vyote. Mmoja katika wengi huzaliwa na kasoro ndogo inayomfaa: mlango wa kuitapika dawa, au umbo ambalo dawa haliwezi kulishika. Ukimeza kidonge, wanyonge wote hufa, na yeye peke yake husalia na nyumba nzima. Huzaa haraka, na kesho yake watoto wake ndio wenyeji. Ukiwapa kidonge watu elfu wasio wagonjwa, umefungua matumbo elfu ya kuchagulia vijidudu sugu.

Tena kuna jambo jingine baya zaidi. Vijidudu hupeana silaha. Kimoja chaweza kukikabidhi kingine kipande cha maandishi ya urithi wake, na katika kipande hicho mna maarifa ya kuzishinda dawa nne, tano, hata kumi kwa pamoja. Vipande vingine wataalamu huviita plazimidi. Hupitishwa kama karatasi za siri zilivyopitishwa chini ya meza enzi za ukoloni, na aliyepokea humnakilia mwenzake. Wala si lazima wawe wa ukoo mmoja: kijidudu cha kuhara kwa kawaida, kikaacho tumboni kila siku bila kumdhuru mtu, chaweza kukipa cha kipindupindu silaha yake. Ni haya kusema, lakini kwa kusaidiana hivi viumbe vimewapita baadhi ya matawi yetu.

Kipindupindu kimekuwa kikibadilika hivyo tangu zamani, kwa dawa na bila dawa. Kuanzia mwaka 1817 kilizunguka dunia mara sita. Pwani yetu kiliikumba zaidi ya mara moja. Daktari James Christie alikuwako Unguja kilipoua watu wengi mwaka 1869 na 1870, akakiandikia kitabu kilichochapwa 1876. Halafu mwaka 1905, katika kituo cha karantini cha El Tor, rasi ya Sinai, mahujaji waliokuwa wakirudi kutoka Makka walipimwa na kukutwa na kijidudu cha jamii nyingine kidogo. Kwa miaka mingi wakubwa wa elimu walikidharau. Mwaka 1961 kijidudu hicho cha El Tor kilitoka kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, kikaanza safari ya saba ya kuzunguka dunia, na safari hiyo haijakwisha hata leo. Mwaka 1970 kilifika Afrika Magharibi, na mwaka 1971 kikafika Kenya. Kilimshinda yule wa zamani kwa hila, si kwa ukali: watu wengi hukibeba bila kuugua, wakaenda kazini na sokoni na safarini, na huku choo chao kinakisambaza. Mwaka 1992 huko India na Bangladesh kikaonekana kingine kilichobadili hata koti lake la nje, wakakiita O139, na watu wazima waliokwisha pata kinga ya ugonjwa wa kwanza wakaugua upya. Hicho hakikudumu kwa nguvu, lakini kilituacha na somo, maana kilikuja kikiwa tayari kimebeba usugu wa dawa kadhaa katika maandishi yake.

Wataalamu waliosoma maandishi hayo ya urithi wameonyesha kwamba kipindupindu cha safari hii ya saba kimeingia Afrika mara nyingi kutoka Asia, tangu 1970. Kila mara ni ukoo mpya. Na wale walioingia kuanzia mwaka 2000 walikuja wakiwa tayari sugu kwa dawa nyingi. Maana yake ni kwamba kidonge kinachomezwa ovyo katika mji wa mbali chaweza kutunyima dawa sisi huku, na sisi vilevile twaweza kuwanyima wengine.

Mfano wa mwisho ndio unaotuhusu sasa. Yemen, nchi iliyovunjwa na vita, ilipatwa na kipindupindu kikubwa kuanzia mwaka 2016, na kufikia mwisho wa 2017 wagonjwa walioandikwa walikuwa wamepita milioni moja. Ajabu ni kwamba kijidudu cha siku zile za kwanza kilikuwa bado chasikia dawa nyingi. Usugu ni mzigo, na kijidudu kisichokutana na dawa huweza kuutua. Lakini dawa zikatumika mno, hasa zile za jamii ya azithromaisini, na kati ya mwaka 2018 na 2019 kikatokea kijidudu kilichookota plazimidi yenye silaha chungu nzima. Kwa muda mfupi kikawa ndicho mwenyeji. Desemba 2024 wataalamu wa Taasisi ya Pasteur ya Paris na wenzao walitangaza safari yake: Yemen 2018 na 2019, Lebanon 2022, Kenya 2023, kisha Tanzania na Visiwa vya Komoro pamoja na Mayotte mwaka 2024. Kijidudu hicho hakidhuriwi na dawa kumi. Kati ya hizo kumi zimo azithromaisini na siprofloksasini, nazo ni mbili kati ya tatu zinazotegemewa kwa kipindupindu.

Imebaki ya tatu, doksisaiklini. Nayo ni ya jamii ile ile ya tetrasaiklini iliyoharibiwa Tanzania kwa miezi mitano. Kijidudu hiki kikijipatia silaha dhidi yake pia, mgonjwa mahututi hatakuwa na kidonge cha kumeza kilichobaki kumsaidia. Na vidonge ambavyo ndugu yetu ataka viwekwe langoni ni vipi? Bila shaka ni hivyo hivyo vya doksisaiklini, kwa kuwa ni rahisi bei na hupatikana kila duka la dawa. Hiyo ni sawa na kuchukua ndoo ya mwisho ya maji ya kuzimia moto na kunyunyizia njia isitimke vumbi.

Basi kwa nini shauri lilipigiwa makofi? Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana si haki kuwalaumu wanachama kwa ujinga. Mfanyi kazi anajua analofanya. Kibarua aamkapo tumbo linamwendesha, ana mambo mawili mbele yake. Akienda zahanati atapoteza siku, na siku ya kibarua ni mshahara wake, hana mwingine. Akipita duka la dawa atanunua vidonge viwili au vitatu kwa fedha alizonazo mfukoni, hata kama hajaandikiwa na daktari, na atawahi king'ora. Kesho tumbo likitulia hununua tena? Hanunui. Likikataa, hununua vya rangi nyingine. Hivyo ndivyo mahospitali yanavyopokea watu waliokwisha meza kila kitu, na ndivyo vijidudu vinavyofundishwa. Madaktari hutuandikia mabango ya kutuonya tusitumie dawa ovyo. Bango ni zuri, lakini halilipi siku ya kibarua. Kwa maoni yangu, katika nchi hii usugu wa dawa ni jambo la mshahara kabla ya kuwa jambo la elimu.

Tajiri naye ana hesabu yake. Kidonge ni rahisi kuliko mfereji. Kidonge humrudisha mtu kwenye mashine leo. Mfereji hutaka mabomba, tangi, na choo chenye mlango na sabuni, na mtu wa kukisafisha anayelipwa. Tukimwomba vidonge tutakuwa tumempa risiti: "Nimewakinga, chama chenyewe ndicho kilichotaka." Siku ya kudai mfereji atatuonyesha barua yetu wenyewe, yenye muhuri.

Tena haki tunazo, hatuombi sadaka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 32, yamtaka mwajiri awape wafanyi kazi maji safi ya kutosha mahali pa kazi, na karibu na nyumba kama amewapa nyumba. Kifungu cha 30 chasema mfanyi kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo, akiugua na kuleta cheti cha daktari, apewe siku zisizopungua saba kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili. Kifungu cha 37 chasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na usafi wa kufaa. Haya yote yameandikwa. Lakini mwanachama akiulizwa ni wangapi katika idara yake wamewekwa kibarua mwaka wa tatu sasa, huanza kuhesabu kwa vidole vya mikono na kuhamia vya miguu. Watu hao hawana cheti wala siku za ugonjwa. Ndio watakaokuja kazini na kipindupindu tumboni, watumie choo kimoja na sisi sote.

Kuna neno jingine la kina mama wanaotupikia nje ya lango. Kila ugonjwa ukija, askari huja kuvunja vibanda vyao kwanza. Sisemi chakula cha njiani hakina hatari. Kinayo, ikiwa maji ya kuoshea sahani ni ya ndoo moja tangu asubuhi. Lakini mwezi wa Juni 2017 kipindupindu kiliwapata watu waliokula katika hoteli moja ya fahari Nairobi, tena walikuwa kwenye mkutano wa mambo ya afya. Hakuna aliyeivunja hoteli. Mama wa kibanda akipewa mfereji na dawa ya kutakasia maji, atapika safi kuliko yeyote. Akifukuzwa, atakwenda kupikia nyuma ya ukuta ambako hakuna hata hiyo ndoo, na sisi tutamfuata kwa kuwa chakula chake ndicho tunachoweza kukilipia.

Chanjo je? Chanjo ya kumeza ipo, nayo ni njema, na kijidudu sugu hufa mbele ya kinga ya mwili sawa na kisicho sugu. Mwezi wa Februari 2023 ilitolewa Nairobi, Garissa, Wajir na Tana River. Lakini imekuwa haba duniani, hata Oktoba 2022 ilibidi watu wapewe dozi moja mahali pa mbili. Ikija kwetu, twende sote tukapokee. Ila kinga yake hupungua baada ya miaka michache, na bomba la maji lililotunzwa hudumu umri wa mtu.

Ugonjwa ulioanza Oktoba 2022 katika nchi yetu uliwapata watu zaidi ya 12,000, na zaidi ya 200 wakafa. Wengi wao walikaa mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi na choo hutumiwa na nyumba nyingi. Ndiko tukaako. Huko Ulaya, London ilizikwa na kipindupindu mara kadhaa katika karne ya 19, na kilikoma kabla tetrasaiklini haijazaliwa, kwa mabomba ya maji safi na mifereji ya taka. Hatudai jambo lisilowahi kufanyika.

Basi mimi naomba shauri lile lirudishwe mkutanoni na kubadilishwa, na barua iwe na madai haya: maji yaliyopimwa katika kila idara, na karatasi ya kipimo ibandikwe ukutani mahali wanachama wasomapo, choo cha kutosha idadi ya watu, chenye maji na sabuni, zamu ya usiku pia, mfereji nje ya lango kwa wauza chakula, pakiti za chumvi na sukari katika kila sanduku la huduma ya kwanza, na kibarua anayeugua tumbo apelekwe hospitali kwa gari la kampuni na alipwe siku zake, hata kama hajatimiza miezi miwili. Hilo la mwisho sheria haimlazimishi tajiri. Ndilo atakalolipinga sana, na ndilo litakalozuia vidonge kununuliwa mapema asubuhi njiani.

Na kabla ya barua hiyo, twahitaji hesabu yetu wenyewe. Wajumbe wa idara watembee wiki hii waandike: mifereji mingapi, mingapi yatoa maji saa nane za usiku, vyoo vingapi vyafungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa nani, vibarua wangapi na wa tangu lini. Karatasi ziletwe ofisini kwa katibu kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Idara ya upakiaji wameshaleta yao: watu 140, mifereji miwili, mmoja umekauka.